Mzee wa Mbiu na Mwendo wa Saa Moja

Katika kazi yangu ya kukata tiketi za ndege hapa Mwanza, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: hadi Kilimanjaro ni muda gani? Najibu bila kuinua macho. Ni mwendo wa saa moja na dakika kidogo, inategemea na ndege. Nikimwona mtu ni mdadisi, namwongezea kwamba kwa angani umbali kati ya viwanja hivi viwili haufiki kilomita mia tano, na kwamba kwa barabara, ukizunguka na Singida na Babati, unakaribia mara mbili ya hapo. Abiria anaridhika, anachukua tiketi yake, anakwenda zake. Mimi ndiye ninayebaki nalo, kwa sababu jibu hilohilo, nilipolitoa kwetu milimani, lilimharibia jina mzee mmoja ambaye hakuwa na kitu kingine cha kujivunia zaidi ya jina lake.

Alikuwa mzee wa mbiu. Ndivyo alivyoitwa na watoto, na mchungaji, na hata mkewe, na mimi nitamwita hivyohivyo.

Kwetu ni Lushoto, mgongo mmoja wa mlima juu ya Mlola, ukielekea Rangwi. Nyumba zimetawanyika kila mtu na kilele chake. Unaweza kumwona jirani yako wa ng'ambo akianika maharage, ukamtambua hata kwa rangi ya sweta, na bado kumfikia ni kushuka hadi mtoni, kuvuka, na kupanda tena mpaka magoti yatetemeke. Kwa hiyo habari haikupelekwa kwa miguu. Mzee wa mbiu alipanda kwenye jiwe kubwa nyuma ya shule, katika mabuti yake ya mpira na koti la kahawia lililokatika mikono, akaweka kiganja kando ya mdomo, akaita. Hakupiga kelele kama mtu anayefukuza nyani. Aliivuta sauti taratibu, ikateremka bondeni, ikapanda upande wa pili, na huko kulikuwa na mtu wa kuipokea na kuisukuma mbele. Msiba, mkutano wa kijiji, chanjo ya watoto, mnada wa mavuno kanisani, mbuzi aliyepotea, vyote vilipita kinywani mwake.

Na kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Ukishaisikia sauti yake kwa masikio yako mwenyewe, huwezi kusema uko mbali. Unaacha jembe, unakwenda. Mtu aliyekosa msiba alitafutiwa udhuru wa kila namna, anaumwa, kafungwa na mvua, lakini kama ilijulikana aliisikia mbiu, basi alikuwa na kesi ya miaka. Hata umbali tulipima hivyo. Kutoka kwetu hadi sokoni Mlola ni sauti mbili. Kwa shangazi yangu ni sauti moja, ila upepo uwe mzuri.

Nisije nikamfanya mtakatifu, maana hakuwa. Alikuwa na majivuno juu ya koo lake kuliko mwanamke mwenye kanga mpya. Hakunywa maji ya baridi. Alitafuna tangawizi mbichi kutwa, na ukimsogelea ilikuwa kama unaingia jikoni kwenye chai. Shamba lake lilikuwa aibu. Matuta yalibomoka mvua baada ya mvua, karoti zake zilizidiwa na majani, na alipoulizwa alisema shamba linahitaji mtu anayelala usingizi, naye halali, anasikilizia. Mkewe ndiye aliyelima. Mkewe huyohuyo alikuwa akitusimulia, huku akicheka, kwamba mumewe nyumbani hana sauti kabisa. Anaomba chumvi kwa kunong'ona mpaka lazima umwambie arudie.

Tena alikuwa na kinyongo. Mbiu ya mbuzi aliyepotea haikuishia kwenye mbuzi. Aliongeza kwamba mwenye mbuzi ni yule asiyefunga kamba sawasawa, mnamjua, na ndiye yuleyule aliyekosa kazi ya barabara wiki iliyopita. Baba yangu mkubwa, ambaye waligombana naye juu ya mpaka wa shamba kabla sijazaliwa, alitajwa pale juu ya jiwe kwa kila dhambi ndogo. Baba mkubwa akawa anasema mzee yule ni redio isiyo na kifungo cha kuzimia. Lakini alipofiwa na mwanawe, mzee wa mbiu aliita mara saba badala ya mara tatu za kawaida, na watu walikuja mpaka kutoka vijiji ambavyo hatukujua kama vinatufahamu.

Mimi aliniitia mara moja. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda shule ya bweni ya Kifungilo, na mama, ambaye alinilea peke yake na hakuwa na mtoto mwingine, alikuwa amekaa jikoni akilitazama sanduku tupu la bati. Mzee alipita kuomba kaa la moto, akaliona sanduku, akatoka mikono mitupu. Tukamsikia juu ya jiwe. Alisema mtoto wa mlima huu amefaulu, na sanduku lake halina kitu, na aliyesikia amesikia. Kufikia jioni watu walikuwa wakiingia uani mmoja mmoja, huyu na mche wa sabuni, yule na shuka, mwingine na maharage ya kuuza ili ninunue viatu. Nilifulia sabuni za milima mitatu mpaka nikasahau sabuni hununuliwa wapi. Nasema haya ili ieleweke nilichokuwa nacho mkononi nilipomfanyia nilichomfanyia.

Nilipopata kazi Mwanza nikawa mtu wa kurudi Krismasi, halafu mtu wa kurudi baadhi ya Krismasi. Kila nikirudi alikuja kunisalimia, mimi ndiye niliyestahili kwenda kwake, lakini alinitangulia. Nilimwamkia shikamoo babu, akaitika marahaba, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango na kuniuliza habari za ndege. Alitaka kujua zinapita wapi, kama zinaona milima, kama dereva wake anaitwa dereva. Siku moja akauliza kutoka uwanja wa Mwanza hadi uwanja wa huku ni mbali kiasi gani. Nikamwambia ni mwendo wa saa moja tu, babu. Nilisema kwa kujidai, nakiri, nikiwa nimekunja miguu na viatu vyangu vya mjini. Akahesabu kwa vidole. Saa moja ndiyo iliyomchukua yeye kutoka mlangoni kwake hadi sokoni Mlola kwa miguu.

"Basi uko karibu," akasema. "Uko karibu kuliko watu wa Rangwi."

Kesho yake mlima mzima ulikuwa unajua kwamba binti wa jirani hayuko mbali, yuko sauti mbili. Mama alifurahi mno. Aliwaambia wenzake kanisani, waliokuwa wakimhurumia kwa kuachwa peke yake, kwamba mwanangu akiinuka tu amefika. Sikumsahihisha mzee, wala sikumsahihisha mama. Ndege inatua kule upande wa pili wa Moshi. Kutoka pale ni kukodi gari au kudandia basi hadi Mombo, kisha kupanda kona zile za Soni hadi Lushoto, kisha barabara ya vumbi ambayo mvua ikinyesha inakuwa ya tope. Ni safari ya nusu siku na zaidi, ikiwa hakuna kilichoharibika. Haya yote niliyajua, ni kazi yangu kuyajua. Lakini ningeyasema, ningekuwa mbali tena, na mimi nilipenda kuwa karibu bila gharama ya kuwa karibu.

Ndiyo maana sikwenda mama alipoanza kuumwa. Watu walioondoka mlimani kwetu kwenda Dar, kwenda Tunduma, walikuja na mabasi, wamevimba miguu, wakakaa naye siku mbili tatu, wakarudi. Mimi nilimwambia kwenye simu kila wiki kwamba nitakuja wiki ijayo, si ni mwendo wa saa moja tu. Kitu kilicho karibu hivyo kinangoja. Aliniamini, na kibaya zaidi, nilijiamini.

Alifariki alfajiri, na baba mkubwa akanipigia asubuhi ile. Alisema barabara ya kwenda Lushoto imekatika kwa maporomoko, gari la kupeleka mwili hospitali halipiti, kwa hiyo watazika kesho mchana. Akauliza nitafika saa ngapi. Kulikuwa na basi la jioni ileile. Ningepanda ningefika kesho yake alasiri, nimechoka na mchafu, lakini ningefika, nao wangeningoja saa hizo chache. Mimi nikamwambia nakuja na ndege ya kesho asubuhi, ni mwendo wa saa moja tu, baba. Sikudanganya. Ndege ni mwendo wa saa moja. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na kila mara naona aibu kwa jinsi inavyosikika vizuri.

Ndege ya asubuhi iliondoka mchana.

Yaliyotokea makaburini nimesimuliwa na binamu yangu, binti wa baba mkubwa, ambaye alikuwepo. Kwetu udongo wa kwanza ni wa mtoto wa marehemu. Hakuna anayeutangulia mkono wake, na mimi ndiye niliyekuwa mtoto pekee. Jeneza lilishushwa, sala zikasomwa, watu wakasimama na majembe yao wakingoja. Mzee wa mbiu alikuwa amesimama kichwani pa kaburi. Alipanda mara ya kwanza kwenye jiwe lake, lililo hatua chache kutoka makaburini, akaita jina langu kuelekea barabarani, akarudi akasema anakuja, mwendo wa saa moja huo. Baada ya muda akapanda tena. Mwinjilisti akaanzisha wimbo, ukaisha, akaanzisha mwingine. Mvua ikaja. Udongo ukaanza kuteremka wenyewe ndani ya kaburi, na wanawake wakatafuta pa kujikinga. Baba mkubwa akasema inatosha, huyu mtoto hana nia ya kuja, mjini kumemmeza. Mzee wa mbiu akasimama mbele ya makoleo na kusema hapana, ametoka, yuko njiani, mimi nawaambia. Walimheshimu, wakangoja. Waliendelea kungoja mpaka hawakuweza kuonana nyuso, ndipo vijana wawili wakamshika mabega kwa upole na kumsogeza pembeni, na kaburi likafukiwa.

Nilifika watu wakiwa wameshatawanyika. Niliuona udongo uliolowa na maua ya bustani ya kanisani juu yake. Kwake mzee sikwenda. Asubuhi nilipewa chai na makande, nikalia na shangazi zangu, na siku ya tatu nikaondoka.

Hakuna aliyenilaumu. Binamu yangu anasema nilisikitikiwa sana. Mtu wa kumcheka walimpata, naye alikuwa mzee. Vijana wakaanza kusema "saa moja ya mzee wa mbiu" kwa kitu chochote kisichokuja, umeme, daktari wa mifugo, mchumba. Alipopanda juu ya jiwe kutangaza mkutano, kuna waliomwitikia kwa kicheko kutoka ng'ambo. Watu wakaanza kuulizana kwa simu kama ni kweli alichosema. Sauti iliyokuwa haiulizwi maswali ikawa inahakikiwa. Kanisa likanunua kipaza sauti, kijiji kikaanzisha kundi la WhatsApp, na yeye akaacha kupanda. Mvua za vuli zilipofika jiwe lile lilikuwa limeota nyasi.

Mimi nilimtumia vitu. Ndiyo tabia yetu sisi tulio karibu. Nilituma sweta, nikatuma redio, nikatuma simu nzuri yenye sauti kubwa. Binamu akaniambia simu ameifunga kwenye kitambaa na kuitundika juu ya moto jikoni pamoja na mahindi ya mbegu, isiliwe na wadudu. Nilicheka, kisha nikaenda chooni kazini nikalia. Kumwandikia au kumpigia sikuweza. Ningesema nini, na nani angemsomea?

Miaka ikapita hivyo, mpaka mwaka huu, binamu aliponiambia kwamba mzee hatoki tena nje ya ua wake, na isitoshe amekuwa kiziwi. Ukimwambia neno anaweka kiganja sikioni na kukutazama tu. Nikaomba likizo fupi. Nikapanda ndege, nikakodi gari upande wa Moshi, na njia nzima nilipanga maneno. Nilikusudia kumwomba radhi faraghani, kwa upole, kisha kama atapenda nitazungumza na wazee wa kanisa. Dereva alinishusha barabarani chini, maana gari halipandi kwake, nikamwambia sichelewi, nina ndege ya kuwahi kesho.

Nilimkuta amekaa uani kwenye kigoda, amevaa sweta nililomtumia. Amekuwa mdogo, koti la kahawia linamwangukia mabegani. Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa akichambua maharage mlangoni. Nikapiga goti, nikasema shikamoo babu. Akaweka kiganja sikioni.

"Shikamoo babu," nikasema kwa nguvu zaidi.

"Marahaba. Sema, mjukuu wangu. Sema kwa nguvu, masikio yamekufa."

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akatikisa kichwa, hakusikia. Nikapandisha sauti. Nikasema habari ya siku ya msiba wa mama. Akakunja uso, akasogeza sikio. Mkwewe akaacha maharage. Sikuwa na njia nyingine, nikasimama na kupaza sauti, mimi ambaye kazini naongea kwa mikrofoni, nikasema kwamba babu hakukosea, mimi ndiye niliyekosea. Kwamba ndege ni mwendo wa saa moja lakini haishuki Mlola, inashuka nyuma ya Moshi, na nililijua hilo tangu zamani, na nilijua siwezi kuwahi, na nikawaacha wangoje. Kwamba kulikuwa na basi nikaona tabu kulipanda. Sauti yangu ilikatika mara mbili. Shambani chini, watu waliokuwa wakivuna viazi waliinua migongo. Mwanamke mmoja ng'ambo ya pili, mwenye sweta jekundu, alisimama kabisa na kutazama upande wetu.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaketi chini, nimeishiwa, nikasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida kwamba sijui atawezaje kunisamehe.

"Nilikwisha kukusamehe siku ileile," akajibu.

Nikamtazama. Alikuwa amekishusha kiganja, amekiweka gotini.

"Babu, unasikia?"

"Nasikia. Hata wewe unavyohema nasikia." Hakutabasamu. "Nilijua siku ile tangu mchana. Dereva wa fuso la kabichi alikuja mazikoni kwa miguu, gari ameliacha ng'ambo ya maporomoko. Nikamuuliza, akaniambia uwanja uko wapi. Nikajua hufiki. Lakini baba yako mkubwa alikuwa ameanza kusema hukutaka kuja, na mama yako yuko palepale hajafukiwa, anasikia. Nikaona afadhali mimi nionekane mjinga."

Nikamwambia angenitumia neno, ningekuja kusema ukweli siku yoyote.

"Kukuita tena?" akauliza. "Siku ile moja nilikubali kuwa mjinga, mjukuu wangu. Miaka yote hii sikukubali. Nilikuwa nangoja uje useme mwenyewe, na uliseme watu wasikie."

Mkwewe aliinuka akaingia ndani, nadhani kwa kutuonea haya. Nililia na hakunikataza. Alitoa kipande cha tangawizi mfukoni, akakimenya kwa kucha, akanipa nusu. Tukatafuna. Nilidhani hapo ndipo tumefika, kwamba nimeshusha mzigo na yeye amepokea, na nikaanza hata kuhisi wepesi fulani ambao sasa naona ulikuja mapema mno.

Chini barabarani dereva akapiga honi.

Mzee akageuza kichwa kuelekea honi ile, akanirudia mimi. Akaanza kuongea kwa ile sauti yake ya nyumbani, ya kuombea chumvi, ikabidi nimsogelee.

"Wanangu nimeshawaambia. Siku yangu wanizike mapema, wasimngoje mtu."

"Hata mimi, babu?"

"Hasa wewe. Usije mbio. Utakuja ukipata nafasi ya kukaa."

Nikamwambia nitakuja kabla ya hapo, nitakuja Krismasi hii, nitakaa wiki nzima. Hakubisha wala hakukubali, alinisikiliza tu kama alivyozoea kusikiliza upepo. Honi ikalia mara ya pili, na mimi nikasimama.